Kamera ipi twende nayo Kunduchi?

SWALI liliulizwa mezani, katika nyumba moja ya Chamazi, wilayani Temeke, si mbali na Uwanja wa Azam Complex. Ilikuwa Jumatano usiku, likizo ya Desemba imeshaanza. Mama alikuwa akipakua wali, baba akisubiri taarifa ya habari, na mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitano, ameshika kijiko bila kula.

"Mama, ni kweli mimi niliokotwa?"

Kaka yake mwenye miaka tisa aliinama ghafla, akawa na shughuli nyingi ya kutafuta miiba kwenye samaki wake. Dada yao, binti wa miaka 14, alimkanyaga mguu chini ya meza.

Utani huo ni wa zamani kuliko nyumba yenyewe. Ni wazazi wachache ambao hawakuwahi kuambiwa utotoni kwamba waliokotwa jalalani, au walidondoka kwenye gari la taka na mama akawaonea huruma. Kwa kawaida mtoto hulia kidogo, akabembelezwa, yakaisha. Lakini huyu wa Chamazi alikuwa na ushahidi. Kwenye albamu ya familia dada yake yumo akiwa na siku tatu, amefungwa kanga, anapiga miayo. Kaka yake yumo akiwa anakaa, akiwa anatambaa, akiwa na jino moja. Yeye hayumo. Picha yake ya kwanza ni ya siku aliyoanza shule ya awali, amevaa viatu vikubwa kuliko miguu.

"Wote mna picha za uchanga," alisema. "Mimi nilikuja nikiwa mkubwa."

Mama aliweka mwiko chini. Picha zilikuwepo, tena nyingi. Zote zilikuwa kwenye simu yake, na simu hiyo ilichomolewa kwenye mkoba jioni moja pale Mbagala Rangi Tatu, watu wakigombania daladala, mtoto akiwa na miaka mitatu. Kila mwezi mama alikuwa akisema atazisafisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi una mambo yake: kodi, ada, mchango wa harusi, gesi. Hakumtumia mtu, hakuzihifadhi mahali pengine. Miaka mitatu ya mtoto ikaondoka na mtu asiyejulikana.

Ilibaki picha moja tu, na hiyo haikutoka kwenye simu. Ilipigwa Sabasaba, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na mmoja wa wale wapiga picha wanaotembea na kamera begani na kukusafishia picha hapo hapo ungali ukinunua mahindi ya kuchoma. Baba yupo, mama yupo, dada na kaka wameshika puto. Kitinda mimba yuko mgongoni kwa mama, kwenye mbeleko, amelala. Kinachoonekana ni mguu mmoja mdogo uliochomoza upande wa kushoto.

"Huyo hapo ni wewe," mama alimwonyesha.

Mtoto aliutazama mguu kwa muda mrefu. "Huo ni mguu tu," akasema.

Ahadi ya baba

Baba ni fundi umeme. Mwaka huo alikuwa amelipwa kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba nzima huko Mbande, na alikuwa ameahidi kwamba likizo hii watoto watakwenda Kunduchi, kwenye bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild, ile yenye mabomba marefu ya kuserereka ambayo watoto wa Chamazi huyasikia kwa wenzao tu. Kutoka Chamazi mpaka Kunduchi ni kulikata jiji zima, kusini mpaka kaskazini, kutoka Barabara ya Kilwa mpaka Barabara ya Bagamoyo. Kwa familia ya watoto watatu na bibi mmoja, hiyo ni safari kamili: kuamka alfajiri, chapati kwenye hotipoti, nguo za kubadili, dawa ya kutapika.

Baada ya swali lile la mezani, safari ilibadilika. Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na si mtu wa kupiga piga picha, alitangaza jambo moja.

"Safari hii picha lazima. Na siyo za kupotea."

Baba akauliza swali la fundi: "Kwa kifaa gani?"

Mjadala ulichukua siku tatu.

Ya babu, ya shemeji, ya kuazima

Bibi, mama yake baba, alikuwa wa kwanza kutoa hoja. Kabatini kwake kuna Yashica ya marehemu mume wake, imefungwa kwenye leso. "Hiyo haijawahi kuishiwa chaji," alisema, "na wezi wa Rangi Tatu hawaijui."

Wajukuu walicheka, lakini baba aliitoa, akaifuta vumbi, akaifungua. Ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mkanda. Zamani mkanda wa picha ulipatikana kila duka la dawa na kila studio. Siku hizi unautafuta mjini, na ukiupata unatafuta tena wa kuusafisha. Mkanda mrefu una picha 36. Hakuna kuangalia kama umempata mtu au umekata kichwa, utajua ukishasafisha. Na kamera yenyewe haitaki hata tone la maji, wakati huko wanakokwenda maji ndiyo shughuli yenyewe.

Bibi alikubali irudi kabatini, ila aliacha neno. "Sisi tulikuwa na 36, kwa hiyo tulijua tunampiga nani. Nyinyi mnazo elfu, hamjui hata moja iko wapi." Hakuna aliyekuwa na jibu.

Hoja ya pili ilikuwa kamera ya baba mdogo, mpiga picha wa harusi. Ni mashine kubwa, yenye lenzi inayoweza kumvuta mtoto aliye upande wa pili wa bwawa mpaka ukahesabu kope zake. Alipopigiwa simu hakukataa.

"Chukueni, shemeji," alimwambia mama. "Ila mkiidondosha majini mniandalie chumba, maana nitahamia kwenu kula."

Alisema kwa kucheka, lakini mama aliuelewa ukweli uliomo. Kamera ile ndiyo jembe la mtu, na Desemba ni msimu wa harusi. Zaidi ya hapo, kitu cha thamani namna hiyo kinahitaji mlinzi. Mtu mzima mmoja angekaa siku nzima kwenye kiti, mkanda wa kamera shingoni, akiogopa watoto wanaorusha maji. Angekuwa amelipa kiingilio cha kulinda begi.

Ya tatu ililetwa na mwalimu mwenzake mama, ambaye kaka yake huwatembeza watalii Zanzibar. Ni kile kikamera kidogo kama kiberiti, ambacho watu hukifunga kwenye kofia au kifuani wakiogelea. Nyingi za aina hiyo, zikiwemo GoPro za miaka ya karibuni, zinavumilia maji mpaka kina cha mita 10 bila kifuniko cha ziada, na bwawa la watoto halifiki kina cha mita moja. Kwa maji, hakuna kilichoishinda.

Lakini binti alipoijaribu uani, waligundua mambo matatu. Lenzi yake huona upana mkubwa sana: ukimpiga mtu wa karibu, pua inakua, akisogea hatua kumi anakuwa kama sisimizi. Kioo chake ni kidogo mno, bibi asingeona kitu. Na betri huisha haraka ukirekodi video mfululizo, kwa hiyo unahitaji ya akiba. Ni chombo kizuri kwa aliyekizoea. Kwa familia inayokwenda mara moja, na kifaa chenyewe cha watu, walimrudishia mwenyewe na shukrani.

Alichosema muuzaji, na kinachoandikwa

Ikabaki simu. Baba alikuwa na simu mpya anayoilipia kidogo kidogo kila wiki. Muuzaji alimwambia "hii haiingii maji, hata ukiogelea nayo". Binti ndiye aliyechukua hatua ya kusoma karatasi iliyokuwa kwenye boksi.

Iliandikwa IP68. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi: haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji. Simu yenye 7 hupimwa kwa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Yenye 8 huvumilia zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, yaliyotulia, na simu mpya. Maji ya bwawa yana klorini, ya bahari yana chumvi, na bomba la kuserereka hukupiga maji kwa nguvu. Mipira inayozuia maji huchakaa kadiri simu inavyozeeka, na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi au kupasuka kioo haina tena uhakika huo. Watengenezaji wengi hawahesabu uharibifu wa maji kwenye dhamana hata kama simu ni IP68.

"Kwa hiyo muuzaji alidanganya?" baba aliuliza.

"Hakudanganya, baba," binti alisema. "Alisema nusu."

Wakasoma pia la kufanya simu ikilowa. Wengi huikimbiza kwenye mchele. Kampuni ya Apple imewashauri wateja wake wasifanye hivyo, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Cha kufanya ni kuizima, kuifuta, kuielekeza tundu la chaji chini, kuiacha kwenye hewa, na kutoichaji mpaka ikauke kabisa.

Uamuzi ukawa huu: simu mpya ya baba itapiga picha kutoka nchi kavu, mikononi mwa mama. Na simu ya zamani ya mama, yenye ufa kwenye kona ya kioo, iliyokuwa droo, itakwenda majini na binti, ndani ya mfuko wa nailoni wa kuning'iniza shingoni unaouzwa na machinga kwa elfu tano.

Mfuko haukuaminiwa hivi hivi. Ijumaa usiku mama aliweka karatasi ya chooni ndani yake, akaufunga, akauzamisha kwenye ndoo na kuukandamiza kwa kifuniko cha sufuria mpaka asubuhi. Karatasi ilitoka kavu. Binti naye aligundua kwamba kioo hakisikii kidole vizuri kikiwa ndani ya nailoni yenye maji, akajifunza kupiga kwa kubonyeza kitufe cha sauti pembeni.

Kabla ya kulala alitoa sharti lake, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka. "Mama, picha zangu nikiwa na nguo za kuogelea usiziweke kwenye status. Wanafunzi wenzangu wana namba yako."

Mama alitaka kusema kwamba yeye ndiye mama. Akanyamaza. Kwa kweli hakuwahi kumuuliza. Nchi yenyewe sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Lakini hata bila sheria, binti wa miaka 14 alikuwa ameomba kitu kidogo. "Hazitawekwa," mama alisema. "Wala za watoto wa watu watakaotokea nyuma."

Rudia, sikukupata

Walifika Kunduchi saa nne kasoro, baada ya kubadili magari mara tatu na kumtuliza mtoto wa mwisho aliyeuliza kila kituo kama ndiyo pale. Alipoyaona mabomba yalivyojikunja juu kwa juu, alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Mama alianza kazi. Alimpiga mtoto akivua viatu. Akampiga akigusa maji kwa kidole gumba. Akampiga akicheka, akilia kwa maji yaliyoingia puani, akicheka tena. Alimpiga akiserereka kwenye kale kabomba kadogo ka watoto, lakini alibonyeza kwa kuchelewa, akapata maji tu.

"Rudia, mwanangu! Sikukupata!"

Akapanda tena, akashuka. Jua lilikuwa usoni, picha ikawa giza. "Rudia, mara ya mwisho!" Ya tatu alimpata vizuri, katikati kabisa, mikono juu. Mtoto hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia simu.

Baba na mtoto wa kati walikuwa kwenye mabomba makubwa. Binti alikuwa kwenye bwawa na mfuko wake shingoni. Bibi alikuwa kivulini, miguu ndani ya maji, anakula chapati. Kufikia saa saba mama alikuwa na picha 140 na zaidi, na simu ikaanza kulalamika kwamba nafasi imekaribia kujaa. Alikaa kwenye kiti, akainamisha kichwa, akaanza kufuta zilizotoka vibaya. Hii imetikisika. Hii amefumba macho. Hii nzuri. Hii inafanana na ile.

Alipoinua kichwa, mtoto hakuwepo.

Aliangalia kwenye bwawa dogo. Watoto walikuwa wengi, wote vichwa vimelowa, wote wanafanana. Alihesabu waliovaa bukta nyekundu: wawili, na hakuna aliyekuwa wake. Aliita jina, sauti ikatoka ndogo. Aliita tena, ikatoka kubwa mpaka watu wakageuka. Mlinzi wa bwawa alipuliza filimbi na kusimama, akaanza kuangalia chini ya maji kwa mpangilio, upande hadi upande, kama mtu anayesoma. Mama aliiona namna anavyoangalia chini ya maji, na magoti yakamwisha nguvu.

"Mama."

Alikuwa nyuma ya kiti. Amesimama pale pale, taulo mabegani, meno yanagongana kwa baridi.

"Nilikuita," mtoto alisema. "Ulikuwa unaniangalia kwenye simu, nikasubiri umalize."

Mama alimkumbatia akiwa amelowa hivyo hivyo, na simu ya mkopo wa kila wiki ikaanguka kwenye nyasi. Hakuiokota kwanza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto: kwa wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne ni ya nne, kwa wa miaka mitano hadi 14 ni ya tatu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana kinywa chake kinatafuta hewa, hakina nafasi ya kuita. Huchukua muda mfupi kuliko kufuta picha kumi. Walinzi wa bwawa ni msaada, si mbadala wa macho ya mzazi, na mtoto mdogo anapaswa kuwa umbali wa kufikiwa na mkono wa mtu mzima.

Hayo yote mwalimu yule alikuwa anayajua. Angeweza hata kuyafundisha darasani. Siku ile alikuwa anamtazama mwanawe tangu saa nne, bila kumwona.

Saa mbili za mwisho

Simu ya baba ilizimwa, ikafungwa ndani ya taulo, ikakabidhiwa kwa bibi. "Ikae na Yashica mwenzake," bibi alisema, akaiweka chini ya hotipoti.

Mama akaingia majini na fulana yake ndefu na suruali, maji yakamfika mapajani tu, lakini mtoto alimrushia mpaka nywele zikalowa zote. Alipiga kelele ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia. Akapanda naye kabomba kadogo, wakakwama katikati kwa uzito wake, watoto waliokuwa nyuma wakawasukuma, wakaporomoka wote kama gunia la viazi. Mtoto wa kati alikuja kutoka kwenye mabomba makubwa kuhakikisha kama kweli yule ni mama.

Binti hakumwambia mtu ajipange. Hakusema tabasamu. Alibonyeza kitufe cha sauti mara chache alipotaka, halafu akaiacha simu ining'inie, akaendelea kuogelea. Kwa saa mbili zote alipiga picha 17.

Kumi na mbili za karatasi

Usiku huo huo, kabla ya kulala, mama alifanya yale aliyokuwa akiyaahirisha kwa miaka. Alichagua picha 12 kati ya zote. Alizituma kwa wifi yake aliyeko Mtwara, na kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kawaida, binti alimwonyesha namna ya kuzituma kama faili, zifike kama zilivyo. Akaziweka pia kwenye memori kadi, na kadi hiyo haikuingia kwenye simu yoyote. Iliingia kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa. Jumatatu alikwenda studio Mbagala na kusafisha zote 12.

Kuna sababu ya karatasi. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Picha alizopiga yeye, na baadaye mwanawe Rohit, zimeendelea kutazamwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa. Hakuna nywila iliyosahaulika, hakuna chaji iliyokufa, hakuna mkoba uliochanwa. Karatasi nayo huungua na kulowa, ndiyo maana nakala ya Mtwara ipo. Lakini bibi, ambaye macho yake yana ukungu na hajawahi kuona kitu kwenye kioo cha simu zaidi ya mwanga, alizichukua picha zile moja moja, akazisogeza mlangoni penye jua, na kuwataja wajukuu wake kwa majina.

Kwa mzazi anayepanga safari kama hii, somo la Chamazi si aina ya kamera. Kamera ya babu ingetoa picha nzuri, ya shemeji nzuri zaidi. Swali la kujiuliza kabla ya kufunga begi ni nani ataishika, na akiwa ameishika, nani atabaki na mtoto. Kama kifaa ni cha thamani kiasi kwamba mzazi mmoja hawezi kuingia majini, hicho ni cha kuacha nyumbani. Mgawanyo wa zamu ni bora kuliko lenzi: anayepiga picha hahesabiwi kuwa anamwangalia mtoto. Picha kumi za asubuhi zinatosha, kisha kifaa kifungwe. Na mahali pa kuzihifadhi paamuliwe kabla ya safari, si mwisho wa mwezi.

Jumatatu jioni kila mtoto aliruhusiwa kuchagua picha moja ya kukaa nayo. Binti alichagua ya bibi akiwa na miguu majini. Wa kati alichagua yake akitoka kwenye bomba kubwa, mdomo wazi. Wa mwisho alionyeshwa ile ya simu mpya, mikono juu, rangi zimekolea, kila tone la maji linahesabika. Aliiweka pembeni.

Aliichukua moja ya binti. Haikuwa nzuri. Nailoni ilikuwa na ukungu, na pembeni kuna kivuli cha kidole. Mama anatembea kwenye maji, nywele zimemlalia usoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Mtoto yuko mgongoni, amejishikilia shingoni, uso wake umefichwa nyuma ya bega la mama. Mguu mmoja umechomoza upande wa kushoto.

Alikwenda nayo kwenye albamu, akaifungua mpaka kwenye ile ya Sabasaba, akaziweka sambamba. Akaangalia mguu mdogo. Akaangalia mkubwa. Akaketi sakafuni, akauweka mguu wake mwenyewe karibu na zote mbili.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Kaka yake alikuja kukagua. Aliinama, akatazama picha ya kwanza, ya pili, kisha mguu wenyewe.

"Basi hukuokotwa," alikubali. "Ila nenda kanawe miguu."